Ukitaka GTO ya 1966, kagua bati kabla ya injini

Kila anayenitafuta kuhusu Pontiac GTO ya 1966 huanza na injini. Anataka kujua kama ina kabureta tatu, ina nguvu za farasi ngapi, inanguruma vipi ikiwashwa asubuhi. Mimi ni fundi wa bodi hapa Ohio, kazi yangu ni kurejesha magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960, na swali langu la kwanza huwa ni sakafu ya buti. Injini ya Pontiac ikichoka inafunguliwa, inachongwa, inafungwa upya, na fundi mzoefu anaweza kukukadiria gharama kabla hajashika spana. Kutu haikutajii bei mpaka uikate. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa sababu ya mlio wa ekzosi, kisha wakalipa nyingi zaidi kwa ajili ya bati.

Lakini kwanza hakikisha unachouziwa ni GTO kweli, na hapo historia ina kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pale Pontiac, mojawapo ya chapa za General Motors, John DeLorean na wahandisi wenzake Bill Collins na Russ Gee walichukua injini ya 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa ya kampuni, wakaitia kwenye Tempest, gari la ukubwa wa kati la Pontiac. Ili kuizunguka kanuni, hawakuitangaza kama modeli mpya. Waliiuza kama kifurushi cha ziada cha LeMans, toleo la Tempest lililopambwa zaidi. Mwaka 1964 ziliuzwa 32,450. Kufikia 1966 GTO ilikuwa modeli kamili, zikauzwa 96,946, na hakuna mwaka mwingine wa GTO uliofikia idadi hiyo.

Ujanja ule wa 1964 bado unawasumbua wanunuzi leo. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa kifurushi tu, namba ya gari haisemi kama ni GTO au ni LeMans ya kawaida iliyobandikwa nembo. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nimshauri anayeanza achukue ya 1966. Namba yake, iliyo kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva, lazima ianze na 242. Ikianza na 237 hiyo ni LeMans, hata ingekuwa na nembo za GTO kila pembe. Tarakimu mbili zinazofuata ni umbo: 07 ni kupe, yaani gari la milango miwili, yenye nguzo katikati ya vioo, 17 ni ile isiyo na nguzo, 67 ni ya paa la kufunguka. Kisha inakuja 6 ya mwaka, halafu herufi ya kiwanda: P kwa mji wa Pontiac, Michigan, B kwa Baltimore, K kwa Kansas City, Z kwa Fremont, California. Linganisha namba hiyo na hati ya umiliki tarakimu kwa tarakimu. Kibati kikiwa na alama za kuchokonolewa, ondoka. Sheria ya Marekani inafanya kuchezea namba ya gari kuwa kosa la jinai, na mwenye gari ndiye atakayebaki akijieleza.

Baada ya hapo agiza nakala ya kumbukumbu za kiwandani kutoka Pontiac Historic Services. Inaonyesha gari lilitoka na injini gani, gia gani na vifaa gani vya ziada. Bila karatasi hiyo usikubali kulipa bei ya Tri-Power, yaani injini ya kabureta tatu, kwa sababu kabureta tatu zinaweza kufungwa na mtu yeyote Jumamosi moja. Bloku nazo zinadanganya: V8 za Pontiac kutoka ya 326 hadi ya 455 zinafanana sana kwa nje, na wapo wanaotembea na 350 wakiamini ni 389. Tafuta herufi mbili zilizogongwa mbele ya bloku, upande wa abiria, chini ya silinda hedi. Kwa gari la gia za mkono la 1966, WT ni ile ya farasi 335 na WS ni Tri-Power ya farasi 360.

Sasa lala chini ya gari.

Hapa Ohio na kule Michigan barabara humwagiwa chumvi kila msimu wa baridi, na gari lililoendeshwa humo kwa miaka kumi tu limeshaliwa. Ndiyo maana ninapenda magari ya Arizona na majimbo makavu jirani. Jua la huko litakuwa limepasua dashibodi na kuchoma viti, lakini viti na dashibodi vinanunuliwa vipya kwenye maduka ya spea. Gari kavu lenye injini iliyokwama ni bora kuliko gari la chumvi linalowaka vizuri, na sijawahi kupata sababu ya kubadili msimamo huo.

Kutu ya GTO ina njia yake. Chini ya kioo cha nyuma kuna mkanda wa kromu, na chini ya mkanda huo kuna mfereji ambamo maji hutuama. Mfereji ukitoboka, maji hushuka ndani ya buti bila mtu kuyaona, yanakaa chini ya mkeka, yanakula sakafu, kisha yanakimbilia pembeni kwenye sehemu za chini za bati la ubavu wa nyuma. Hivyo ukiona malengelenge madogo ya rangi kwenye pembe za kioo cha nyuma, inua mkeka wa buti. Ukikuta sakafu imepakwa lami mpya nyeusi, muulize muuzaji ilikuwa inafunika nini. Baada ya hapo angalia sehemu za chini za madigadi nyuma ya magurudumu ya mbele, sakafu chini ya miguu ya dereva, na chesisi yenyewe pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, ambapo tope hujikusanya. GTO ina chesisi iliyo mbali na bodi, na pedi za mpira zinazozitenganisha hukalia vipande vya bati ambavyo navyo huoza. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Beba sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Iburuze taratibu kwenye ubavu wote. Mahali inapoachia, kuna pati nene, na chini ya pati nene mara nyingi kuna shimo. Fungua mlango nusu, uunyanyue kwa mkono: ukicheza, pini za bawaba zimekwisha, na hilo ni jambo dogo. Nafasi kati ya mlango na madigadi ikiwa pana juu na finyu chini ilhali bawaba ni nzima, bodi imelala au gari limewahi kugongwa. Hilo si dogo.

Ukishalinunua, usifungue bolti hata moja kabla ya kupiga picha. Kila kipande kiingie mfukoni na jina lake. Kazi kamili ya kurejesha gari la namna hii hufikia saa 1,000 kwa urahisi, na sehemu kubwa ya saa hizo ni bodi. Kabla ya kukata sakafu, chomelea vyuma vya kushikilia kati ya nguzo za milango, la sivyo bodi itajikunja na milango haitafunga tena. Usikubali paneli pana kama boneti na paa zipigwe mchanga kwa shinikizo kubwa: joto na kishindo vinazipinda, na bati lililopinda hivyo halinyooki vizuri tena. Kwa paneli hizo natumia dawa ya kuondoa rangi na subira. Viraka nachomelea nukta moja hapa, nyingine kule mbali, naacha bati lipoe, ndipo narudi. Anayechomelea mstari mmoja mrefu bila kuacha anatengeneza mawimbi ambayo baadaye atayaficha kwa pati. Bati likishakuwa tupu lipate praima ya epoksi siku hiyo hiyo, na pati ije juu ya epoksi. Halafu funga kila kitu bado hakijapakwa rangi, milango, boneti, bampa, hata mikanda ya kromu, urekebishe nafasi zote. Paneli mpya za kuigwa hazikai sawa kama za kiwandani, na kuzikata au kuzipinda baada ya rangi ni maumivu.

Injini naikabidhi kwa fundi wa mashine, nikiwa na masharti machache. Koni rodi za kiwandani, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zilikuwa za chuma cha kumimina, basi ziwekwe mpya za chuma kilichofuliwa. Mgandamizo wa asili ni 10.75 kwa 1, ambao ulipangiwa petroli ya risasi ya zamani. Kwa petroli ya leo ushushwe kidogo, na viti vya valvu za kutolea moshi viwe vigumu. Nyuma ya pampu ya maji kuna sahani ya kugawa maji. Isipokaa karibu na feni ya pampu, injini itachemka hata ukiweka radieta mpya. Nguvu ya farasi 335 ilipimwa injini ikiwa juu ya meza bila mizigo yake ya kawaida, kwa hiyo usishangae mashine ya kupimia ikisoma chini ya hapo.

Breki ndizo ninazogombana na wapenda uasili. GTO ya 1966 ina breki za dramu magurudumu yote manne na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya njia moja: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Breki za diski za mbele na masta ya njia mbili zilikuja 1967. Mimi huweka angalau masta ya njia mbili, na vile vya asili navifunga vizuri kwenye boksi ili mwenye gari avihifadhi.

Siku ya kuwasha, kamshafti mpya ya aina ile ya zamani inataka oili yenye zinki na mizunguko kama 2,000 kwa dakika kwa dakika 20, bila kuiacha isinzie. Baada ya hapo mwaga oili, badilisha chujio. Na gari lisitoke karakana bila bima ya thamani mliyoafikiana na kampuni mapema, kwa sababu bima ya kawaida italihesabu kuwa gari kuukuu tu. Mkadiriaji atataka ushahidi: mpe picha za viraka vikiwa bado bati tupu, risiti za fundi wa mashine, na ile nakala ya kumbukumbu za kiwandani.