Mtoto anatapika kijani: picha hutafuta nini tumboni?

Utumbo uliokaa vibaya ni nini?
Mimba ikiwa changa, utumbo hujizungusha nyuzi 270 kuuzunguka mshipa mkuu unaoulisha damu, ndipo ukatulia mahali pake. Ukikomea njiani, shina linaloushikilia nyuma ya tumbo huwa jembamba. Ni kama shuka lililoanikwa kwa kibanio kimoja: upepo kidogo tu, limejisokota. Utumbo ukijisokota hukosa damu, na saa chache zinatosha kuuozesha.

Hushukiwa lini?
Mtoto mchanga akitapika kijani. Hiyo ni nyongo, si maziwa yaliyocheuliwa. Tumbo laweza kuwa laini kabisa na jana alinyonya vizuri; bado ni dharura, msingoje kuche. Wengi huugua ndani ya mwezi wa kwanza, ingawa hata wakubwa hupatwa.

Eksirei ya kawaida haitoshi?
Haitoshi. Huweza kutoka safi ilhali utumbo umejisokota.

Basi kipimo chenyewe ni kipi?
Mtoto hunyweshwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, au huipata kwa mpira wa puani, na mtaalamu huitazama kwenye skrini ikiteremka. Jicho lake liko kwenye kona moja: pale duodeni, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, inapokoma. Kona hiyo hutakiwa iwe kushoto kwa uti wa mgongo, juu, usawa na mlango ambamo chakula hutokea mfuko wa tumbo kuingia utumboni. Ikiwa chini au kulia, kuna tatizo. Dawa ikishuka kwa kuzungukazunguka kama nyuzi za skrubu, utumbo umeshajisokota. Mtoto akilala upande, au utumbo ukijaa hewa, kona huonekana imehama bure. Msishangae picha ikirudiwa.

Na ultrasaundi?
Haina mionzi, na mashine hufuata kitanda. Kwa kawaida vena ya utumbo, mshipa unaorudisha damu, hukaa kulia kwa ateri yake, mshipa unaoipeleka. Zikibadilishana nafasi, ni dalili. Zikiwa sawa, hilo peke yake halimtoi mtoto hatarini. Ila vena na utumbo vikionekana vikiizingira ateri kama maji yanayomezwa na tundu, ni chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mtoto aliye taabani hupelekwa huko hata bila picha.

Daktari akishapasua, huurudisha utumbo mahali pake?
Hapana. Huukunjua, hulipanua lile shina, kisha mwembamba huulaza kulia na mpana kushoto. Kidole tumbo mara nyingi hukatwa papo hapo, maana kikija kuvimba siku moja, maumivu yatakuwa kushoto, asikokitafuta mtu.