Dawa ni ya Bure, Nauli Je? Maneno Tunayoyasikia Daftari la Mchango Likipita

Hapa Busia, upande wa Uganda, daftari la mchango wa afya likianza kuzunguka mtaani, kuna maneno lazima uyasikie kabla mtu hajatia mkono mfukoni. La kwanza: "Serikali ilishafuta malipo hospitalini. Tunachanga cha nini?"

Kweli, malipo yalifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001. Umbali haukufutwa. Mama ambaye mtoto wake ameshikwa na degedege usiku wa manane hamlipi daktari, anamlipa mtu wa bodaboda. Chukua chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025. Haiuzwi, lakini ni dozi nne: miezi 6, 7, 8, halafu 18. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kusahaulika, maana mtoto keshaanza kukimbia na mama karudi sokoni. Anayepita nyumbani kumkumbusha ni mhudumu wa afya wa kijiji, na huyo hujitolea tu.

Watu wa Kigezi na Ankole, kusini-magharibi mwa nchi, waliliona hili zamani. Wana vyama vya machela, wanaviita engozi: kaya zinachanga, na mtu akizidiwa majirani wanambeba mabegani kushuka vilima mpaka hospitali. Juu ya vyama hivyo Hospitali ya Kisiizi ikajenga bima yake ya jamii mwaka 1996, na Hospitali ya Bwindi nayo ikaanzisha ya kwake 2010. Kwa hiyo anayesema kuchangia afya ni mambo ya wazungu na matajiri, aende akaulize huko. Au atazame mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda: watu wa kawaida hununua fulana, na fedha zimesaidia kupambana na fistula (jeraha la uzazi linalovujisha mkojo) na selimundu.

Neno lingine: "Damu wanaiuza." Damu ya benki ya taifa hairuhusiwi kuuzwa, ukidaiwa pesa, hilo ni kosa la kuripoti. Nyingi huwaendea watoto walioishiwa damu kwa malaria na akina mama wanaojifungua. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi, ndiyo maana shule zikifungwa friji hubaki tupu. Na chembe nyekundu hazikai zaidi ya wiki chache, hivyo siku moja ya kuchangia kwa shangwe haitoshi mwaka mzima.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Msaada ni msaada, leta chochote." Nimewahi kuona katoni za dawa zikishushwa kituoni kwa picha na makofi, zimebakiza wiki chache kuharibika. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja mbele yake zinapofika. Maziwa ya kopo nayo yana hatari yake: mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji ziwa la mama tu, na kopo likichanganywa na maji machafu linaleta kuhara. Kabla ya kununua, muulize mkunga. Atakutajia vitu visivyopendeza kwenye picha: glavu, kavera (plastiki) la kutandika, nyembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Mama akifika bila hivyo na stoo ikiwa tupu, mumewe atatumwa dukani usiku huo huo.

Mwisho, "pesa zitaliwa." Hapa sibishi sana; zimewahi kuliwa. Ila kituo cha serikali kina kamati yake ya usimamizi yenye wanakijiji ndani, na una haki ya kuuliza. Kikundi chetu kinasoma hesabu kwa sauti chini ya mwembe, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita mzee mmoja alisimama: mbona bodaboda mbili, usiku mmoja, mgonjwa mmoja? Mama mweka hazina akageuza ukurasa, akasoma. Ya kwanza iliishiwa mafuta njiani. Mzee akaketi.