Dhana potofu zinazomchelewesha anayeanza Civilization VI

Wanaoanza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa mikakati wa kujenga dola zamu kwa zamu, wengi hudhani wameshindwa siku jirani alipowavamia kwa mizinga. Ukirudisha mchezo nyuma utakuta mambo yaliharibika mapema mno, ndani ya zamu 100 za mwanzo, wakati kila kitu kilionekana shwari. Mchezo huu wa Firaxis Games ulitoka Oktoba 2016, na ingawa toleo la VII lipo tangu Februari 2025, VI bado ni mlango mzuri wa kuingilia: umeshakamilika, na unachezeka hata kwenye simu. Tatizo ni ushauri unaozunguka kuuhusu. Mwingi wake ulikuwa sahihi kwa matoleo ya zamani, au unasikika wa busara tu.

“Miji michache mikubwa ni bora kuliko mingi midogo”

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote, na ina asili yake. Katika Civilization V ya 2010, furaha ya wananchi ilihesabiwa kwa dola nzima, na baada ya nyongeza ya Brave New World kila mji mpya ulipandisha gharama ya teknolojia kwa asilimia 5. Aliyetulia na miji minne iliyonona alikuwa mchezaji makini. Katika VI adhabu hiyo haipo, lakini tabia imebaki.

Angalia hesabu ya wilaya, yaani yale majengo makubwa yanayokaa nje ya kitovu cha mji: ya elimu, ya biashara, ya viwanda na kadhalika. Mji wenye mkazi 1 una nafasi ya wilaya moja. Ya pili inafunguka kwa wakazi 4, ya tatu kwa 7, ya nne kwa 10. Kwa hiyo mji mmoja wenye wakazi 12 una nafasi nne. Wagawe wakazi haohao 12 kwenye miji mitatu ya wanne wanne, unapata nafasi sita. Na kuwafikisha watu wanne ni rahisi sana kuliko kuwafikisha kumi na wawili, kwa sababu chakula kinachohitajika kwa kila mkazi mpya huongezeka, na makazi yakikaribia kujaa ukuaji hukatwa nusu.

Mchezo unaruhusu mji mpya mradi kuwe na vigae vitatu, yaani vipande vya ramani, kati yake na mwingine. Wanaoanza huacha sita au saba, eti kila mji upate ardhi yake kamili. Nafasi hizo huja kuzibwa na jirani. Ibane miji yako. Kugombania kigae kimoja au viwili si hasara yoyote, tena wilaya zikikaa karibukaribu zinapeana nguvu.

Jambo la kuangalia kweli ni maji. Mji ulio kando ya mto au ziwa huanza na makazi ya watu 5, wa pwani ya bahari 3, wa nchi kavu 2. Ukiwa na mashaka, fuata mto.

“Maajabu ndiyo alama ya dola kubwa”

Maajabu ni majengo mashuhuri ya historia, na kila moja hujengwa na dola moja tu. Stonehenge inapendeza, sikatai. Kwa kasi ya kawaida inagharimu uzalishaji 180. Mji mkuu wa mwanzo wenye uzalishaji wa 6 kwa zamu utaijenga kwa zamu 30, na katika zamu hizo 30 haujengi kitu kingine. Mlowezi wa kwanza, yaani anayeanzisha mji mpya, anagharimu 80, anayefuata 110. Jumla 190, karibu sawasawa na yale mawe. Ukishafungua kadi ya sera ya Colonization, inayoongeza asilimia 50 ya uzalishaji wa walowezi, wawili hao wanatoka kwa zamu kama 21.

Linganisha unachobaki nacho. Upande mmoja una ajabu moja lililokula kigae, ambalo katika ngazi za juu za ugumu huenda kompyuta, yaani wapinzani wanaoendeshwa na mchezo, ikakutangulia kulimaliza. Upande mwingine una miji miwili itakayozalisha, itakayokua na kupokea wilaya hadi mwisho wa mchezo. Katika kipindi cha kale ningejenga ajabu pale tu linapobeba mpango wangu wote, mfano mtu anayetaka ushindi wa dini na hawezi kumkosa nabii wa kuianzisha, ambaye Stonehenge humleta. Baada ya miji sita au saba kusimama, jenga uyapendayo.

“Kwanza nijenge, jeshi baadaye”

Wavamizi wa porini wana utaratibu unaofaa kujulikana. Kambi yao hutuma mpelelezi. Akiuona mji wako, alama ya mshangao hutokea juu ya kichwa chake, naye hugeuza kurudi kambini. Akifika, kambi inaanza kumwaga askari kuelekea kwako. Basi kazi yote ni kumuua au kumzuia njiani, na mpiganaji mmoja aliyesimama mahali pazuri anatosha. Anayemwacha apite kwa kuwa “ni mmoja tu” hujikuta na wapanda farasi wanne malangoni, mafundi wametekwa na mashamba yameporwa.

Jeshi dogo la mwanzo pia linalipa. Ukiua wavamizi watatu unapata msukumo wa teknolojia ya shaba, na mwenye mateo akimuua mmoja anakupatia msukumo wa upinde. Misukumo hiyo, ambayo mchezo unaiita Eureka, hukata asilimia 40 ya gharama ya utafiti. Huo ni utafiti wa bure, na wengi hawasomi hata sentensi moja iliyoandikwa chini ya jina la teknolojia kueleza namna ya kuupata. Isome kila mara unapochagua cha kutafiti.

“Dhahabu iwekwe akiba ya siku mbaya”

Dhahabu iliyolala haifanyi kazi. Mlowezi wa kwanza hununuliwa kwa 320, na mji alioanzisha zamu hii una faida kubwa kuliko alioanzisha zamu 20 zijazo. Kingine ni bidhaa za anasa. Nakala moja ya hariri au chumvi inaridhisha hadi miji minne. Nakala ya pili ya bidhaa ileile haiongezi chochote. Iuze kwa majirani kila inapowezekana. Kompyuta hununua, na mikataba ikiisha unaiweka upya.

“Sayansi ndiyo kila kitu”

Sayansi ni muhimu, na wilaya ya elimu iliyozungukwa na milima ni raha tupu. Ila serikali hazipatikani kwa sayansi, zinapatikana kwa utamaduni. Ukifikia falsafa ya siasa, mojawapo ya hatua za utamaduni, unatoka kwenye utawala wa kichifu wenye nafasi mbili za kadi za sera na kuingia serikali yenye nafasi nne. Nafasi hizo mbili za ziada hubadilisha mwendo wa dola nzima. Mnara wa kumbukumbu katika kila mji mpya, mapema, ndio dawa.

Na ukishafungua wilaya, iweke kwenye ramani mara moja hata kama huna muda wa kuijenga sasa. Bei ya wilaya hupanda kadiri unavyoendelea kutafiti, lakini ile uliyokwisha kuiweka hubaki na bei ya siku ile.

“Miji-dola ni mapambo ya ramani”

Miji-dola ni miji huru ya pekee isiyogombea ushindi. Anayekuwa wa kwanza kukutana na mji-dola hupata mjumbe wa bure, na mjumbe mmoja tu tayari anakupa faida katika mji mkuu. Ndiyo sababu mpelelezi wa pili mara nyingi ana thamani kuliko anavyoonekana. Ukiwa na wajumbe watatu au zaidi, na kuwazidi wengine wote, unakuwa mlezi wa mji huo na kupata zawadi yake ya pekee. Zanzibar imo humo kama mji-dola wa biashara, na zawadi yake ni karafuu na mdalasini, bidhaa mbili zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote katika mchezo, kila moja ikitoa starehe 6, yaani inaridhisha hadi miji sita. Ukizingatia kwamba bidhaa ya kawaida inatoa 4, huyo ni mshirika wa kumpigania kweli, hasa kama ulifuata ushauri wa miji mingi na sasa watu wako wananung’unika.

“Kompyuta kwenye ngazi za juu ina akili zaidi”

Hapana. Inacheza vilevile, ila inaanza na mtaji mkubwa. Prince ndiyo ngazi ambayo hakuna anayependelewa. King inaipa kompyuta nyongeza ya asilimia 20 ya uzalishaji na 8 ya sayansi, na idadi hizo zinapanda kwa kiwango hichohicho kila ngazi hadi Deity, yenye 80 na 32, nguvu 4 za ziada katika kila pambano, na walowezi watatu mkononi wakati wewe una mmoja.

Maana yake ni kwamba faida yao imejazwa mwanzoni, na mashambulizi ya hatari huja mapema. Mipango yao ya vita haiwi mizuri zaidi. Hushindwa kuvunja ukuta wenye wapiga upinde wawili nyuma yake, huwaacha majeruhi mstari wa mbele, na huvuka mto mbele ya macho yako. Anayeruka kutoka Prince kwenda Immortal akitegemea kujifunza kwa kupigwa atajifunza kuogopa tu. King, kisha Emperor, mchezo mzima mmoja kila ngazi hadi mwisho, na ukuta katika mji wa mpakani kabla jirani hajaanza kupanga askari wake.