Umemaliza mkopo wa gari mapema? Bima uliyouziwa nayo bado ina chenji yako

Wanachama wetu wengi wanaoishi Marekani hujitahidi kulipa mkopo wa gari kabla ya muda. Deni linakwisha, hati ya umiliki inakuja kwa posta, mtu anashukuru Mungu na kuendelea na mambo mengine. Lakini siku ile ya kusaini kule yadi, katikati ya rundo la makaratasi, huenda uliuziwa pia bima ya GAP, waranti ya ziada, au bima ya kulipa mkopo ukifariki au ukiugua. Bei zake hazikutoka mfukoni siku hiyo. Ziliingizwa ndani ya mkopo, nawe ukazilipa pamoja na riba.

GAP ina kazi yake. Gari likiibwa au likiharibika kiasi cha kutotengenezeka, bima ya kawaida hulipa thamani ya gari kwa siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya deni lako. GAP hufidia tofauti hiyo. Sasa deni likiisha, tofauti gani tena itafidiwa? Kinga imekosa cha kukinga, ilhali ulilipia muda wote wa mkopo. Ule muda uliobaki ni fedha yako.

Tuseme GAP ilikuwa dola 900 kwa mkopo wa miezi 72, ukamaliza kulipa mwezi wa 30. Imebaki miezi 42. Kwa hesabu ya kugawa sawa kwa kila mwezi, unadai dola 525, pengine ikipungua ada ndogo ya kufuta mkataba. Baadhi ya mikataba, hata hivyo, hutumia kanuni ya 78, inayohesabu kwamba miezi ya mwanzo ndiyo iliyobeba gharama kubwa. Kwa kanuni hiyo, miezi ileile 42 inakurudishia kama dola 309 tu. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu popote, soma kifungu cha kufuta mkataba ujue hesabu ipi inakuhusu. California, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023, inataka GAP irudishwe kwa mgawanyo sawa. Majimbo hayafanani, na katika mengi usipodai mwenyewe hupati.

Andika barua, usitegemee simu. Taja namba ya mkataba, tarehe uliyomaliza deni, na neno moja lisilo na utata: nafuta. Ambatanisha nakala ya mkataba wa GAP na barua ya mkopeshaji inayothibitisha kwamba deni limekwisha. Kwa waranti, ongeza maili zinazosomeka kwenye dashibodi siku hiyo. Peleka nakala yadi ulikonunua, kwa mkopeshaji, na kwa kampuni inayosimamia mkataba, ambayo jina lake huandikwa kwenye mkataba wenyewe. Yadi ikiwa imefungwa, kampuni hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Posta ikupe risiti ya kupokelewa.

Ninasisitiza maandishi kwa sababu simu zimewaponza watu wengi. Novemba 2023, CFPB, taasisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, iliiamuru Toyota Motor Credit kulipa dola milioni 60, zikiwemo milioni 48 za wateja. Taasisi hiyo ilieleza kuwa wateja waliotaka kufuta walielekezwa kwenye simu ambako wahudumu waliagizwa kuendelea kuinadi bidhaa mpaka mteja aombe mara tatu, kisha ndipo aambiwe kwamba lazima aandike barua. Amri hiyo ilifutwa Mei 2025, kwa hiyo usikae ukisubiri serikali ikudaie.

Wanaohamisha mkopo kwenda benki yenye riba nafuu wawe macho zaidi. Mkopo wa zamani umelipwa, kwa hiyo GAP yake imekufa nao. Dai salio lake, na kama mkopo mpya bado unahitaji kinga, nunua nyingine ukilinganisha bei. Ukifuta GAP au waranti huku deni bado lipo, fedha kwa kawaida huenda kwa mkopeshaji na kupunguza deni. Malipo yako ya mwezi hayatabadilika, ila utamaliza mapema. Na kama GAP ilishalipa fidia ya gari lako, yenyewe imetumika. Waranti bado unaweza kuidai.

Wiki zikipita kimya, peleka malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako au idara ya bima ya jimbo. Kuna majimbo ambayo GAP haihesabiki kuwa bima kisheria, hivyo ofisi moja ikikwambia haihusiki, nenda ile nyingine. Kama umehama tangu ulipochukua mkopo, andika anwani yako mpya juu kabisa ya barua, maana hundi hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye faili.