Msimbo ulio wazi si mlango ulio wazi

Ukipeleka laptopu kwa fundi pale Wandegeya, Kampala, ukamwomba akuwekee Linux, mfumo endeshi wa bure ambao msimbo wake (maagizo yanayouendesha) yeyote anaweza kuusoma, huenda akakutazama kwa huruma: "Hiyo ya bure? Kila mtu anaona ndani yake, wezi wataingia tu." Dhana hii ni ya miaka mingi, na inachanganya mambo mawili. Kujua kufuli lilivyoundwa si kuwa na ufunguo wake. Nywila yako haimo ndani ya msimbo.

Kasoro zipo, tusidanganyane. Ile ya Heartbleed, katika OpenSSL, programu huria (yenye msimbo wazi) inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilikaa humo takriban miaka 2 hadi ilipotangazwa Aprili 2014. Kumbe kitu kinaweza kuwa wazi na bado kikakosa wa kukisoma! Ila iliporekebishwa, yeyote mwenye ujuzi aliweza kuukagua ukarabati wenyewe.

Na simu ya Android iliyo mfukoni mwa fundi? Kiini chake ni Linux. Takwimu za Wizara ya Afya ya Uganda nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Basi fundi anakuwekea Windows isiyo na leseni, na kabla ya kuifungua anakwambia: "Zima kwanza kinga ya virusi." Hapo ndipo mimi huogopa.