Mchungaji na mbuzi wa jirani

Muulize mtu wa mjini mchungaji anafanya nini kwenye maendeleo ya jamii, atakutajia kisima chenye kibao cha mfadhili, zahanati, pengine shule. Hajakosea. Huku Dodoma kanisa limejenga tangu wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walipofika Mpwapwa mwaka 1876. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927, na ukitaja hospitali ya Mvumi au shule ya wasioona ya Buigiri, kila mwenyeji anajua unazungumzia Waanglikana. Mimi ni kasisi niliyesomea kilimo kabla ya uchungaji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya maendeleo inahusu mbuzi.

Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaanza Desemba na kuisha Aprili, na Februari ina tabia mbaya ya kukata watu wakiwa wameshapalilia. Miti imeishia kwenye mkaa na mashamba mapya. Kupanda miche kwenye nchi kama hii ni kazi ya kukatisha tamaa, kwa sababu nani atabeba ndoo za kumwagilia kiangazi chote, wakati maji ya kunywa yenyewe ni ya foleni? Ndiyo maana tunafundisha kisiki hai. Mti uliokatwa mizizi yake bado iko hai chini, na kila masika kisiki kinachipua. Unachagua machipukizi matatu mpaka matano yenye nguvu, mengine unayakata, unapogolea matawi ya chini, kisha unafunga kitambaa ili kila mtu ajue pana mwenye kukitunza. Njia hii ilienezwa na Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa mmisionari kule Niger miaka ya 1980. Hapa kwetu shirika la LEAD Foundation limeifikisha vijiji vingi. Haina gharama zaidi ya panga na kitambaa kikuukuu.

Ugumu unaanza baada ya mavuno. Kwa desturi ya Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo, mtama ukishavunwa shamba linakuwa malisho ya wote. Mifugo inaingia kula mabua, na mbuzi akishamaliza mabua anakimalizia na kichipukizi chako. Kwa hiyo mkulima mmoja hawezi kutunza miti peke yake, hata angekuwa hodari namna gani. Na mimi nikipanda mimbarini Jumapili nikahubiri miti mpaka koo likauke, mwenye mbuzi hayupo. Ni Mwislamu, au anasali kwa Wapentekoste ng'ambo ya barabara, au hasali kokote na ana mbuzi zaidi ya mia. Wachungaji vijana hawapendi kusikia hili, lakini kwenye shughuli hii mimbari ndiyo mahali dhaifu kuliko pote.

Anapofikika ni msibani. Wanaume wanakaa chini ya mti siku nzima, wakulima na wafugaji mkeka mmoja, na mchungaji yupo hata kama marehemu hakuwa muumini wake. Hapo ndipo mzee mmoja aliponiuliza, "Mchungaji, hivyo vijiti vyenu vya vitambaa, mbuzi atajuaje ni vyenu?" Nikamwambia, "Mbuzi hajui, babu. Kijana anayewachunga ndiye anayejua." Akanyamaza kidogo. "Na huyo kijana amefundishwa na nani?"

Hakuna. Tulikuwa tunafundisha wenye mashamba tu. Sasa vijana wa machungani ndio tunaoanza nao, na matawi wanayoyapogoa, mbuzi wao wanayala palepale. Mzee hakuwa anabisha kwa kubisha. Ugogo ni nchi ya njaa zenye majina. Ile ya Mtunya, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipochukua ng'ombe na nafaka na mvua ikagoma, bado inatajwa. Mazao yakiungua, mbuzi ndiye anayebadilishwa na debe la mtama. Ukimjia mtu wa namna hiyo na habari za kupunguza mifugo, umejifukuza mwenyewe.

Makubaliano ya msibani bado si sheria. Yanapelekwa halmashauri ya kijiji, yanajadiliwa kwenye mkutano mkuu, na yakitakiwa kuwa sheria ndogo lazima halmashauri ya wilaya iidhinishe. Mchungaji huko ni mwanakijiji kama wengine: ananyoosha mkono, anasubiri mwenyekiti amwite.

Jambo la fedha nalisema kwa kifupi. Vikundi vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, vina sanduku la kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Kila kikundi kipya kinataka mchungaji ashike ufunguo mmoja, "maana wewe ni mtumishi wa Mungu." Kataa. Siku fedha zikipungua, wanachama hawataweza kukuuliza, na watakaoacha kikundi wataacha na kanisa. Isitoshe, mchungaji ni mtu wa kuhamishwa. Askofu akiandika barua, unafunga mizigo, na ufunguo, daftari au akaunti iliyo kwa jina lako inageuka kesi.

Posho yetu nayo inatoka kwenye sadaka, kwa hiyo mwaka wa ukame mchungaji anaumia pamoja na waumini. Mwaka wa neema, njoo uone mnada wa sadaka ya mavuno: jogoo mmoja ananunuliwa kwa bei ambayo sokoni ungecheka, aliyemnunua anamrudisha mezani, anauzwa tena. Kwetu vitambaa, mapanga na nauli za vijana vimetoka hapo. Mwaka huu jogoo alirudi mezani mara nne, na wa mwisho kumnunua alikuwa yule mzee wa msibani, ambaye kanisani haingii. Alisimama nje ya dirisha akataja bei yake.