Theluji ya Kilimanjaro haiujazi Mto Pangani

Kila kikao cha watumia maji, kabla sijafungua daftari, mzee mmoja husimama: "Mtaalamu, theluji inaisha, ndiyo maana mto umekauka." Hapana, baba yangu. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado narudishiwa.

Theluji imepungua kweli, zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Ila mchango wake mitoni ni kidogo mno. Mito ya mlima huu inayoingia Pangani hulishwa na mvua ya msituni, hasa upande wa kusini, ambako kwenye mita 2,000 hivi hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huzama ardhini, ikaibukia huku chini kwenye chemchemi. Kwa hiyo mto ukikauka Oktoba, acha kutazama kileleni. Fuata mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, mpaka kwenye banio, kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini. Mimi nimesimama hapo: mawe, matope na vigogo vya migomba, upande wa juu maji yananifika magotini, hatua kumi chini yake ni changarawe tupu, na mama anachota kidimbwini kwa kikombe. Maji yote yameingia mfereji mmoja, na usiku, wakati hakuna anayemwagilia, yanamwagika barabarani hadi alfajiri. Theluji inahusikaje hapo?

Nitasema mpaka mnichoke: maji ya usiku yawekwe. Wapare wana ndiva, bwawa dogo la udongo linalojaa watu wakiwa wamelala na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Chimbeni ndiva!

Eti mifereji ililetwa na Wazungu. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliikuta Uchagani ikifanya kazi, na ulezi wa kupikia pombe ya mbege ukimwagiliwa kiangazi. Ukijani wa Uchagani umetokana na jembe na zamu za maji.

Wengine hudai bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye Mto Pangani, la miaka ya 1960, limewaongezea maji walio chini yake. Haliongezi maji; linayatunza tu na kuyaachia kwa kipimo. Mafuriko yaliyokuwa yakitandaa kwenye kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa, yalipodhibitiwa, kinamasi kikasinyaa, pamoja na samaki na malisho yake.

Na hili la kwamba maji yakifika baharini yamepotea, kawaambieni wakulima wa karibu na mji wa Pangani. Mto ukidhoofu, maji ya chumvi hupanda nao hadi kwenye minazi yao.